Chupa ya Choya Iliyoijenga Timu ya Wodi ya Wazazi

Nilipokabidhiwa uongozi wa wodi ya wazazi katika hospitali moja ya wilaya huku Nyanda za Juu Kusini, nilikuta wauguzi wenye ujuzi wa kutosha, lakini kila zamu ikiishi kama kaya inayojitegemea. Wa asubuhi waliwatuhumu wa usiku kwamba hulala, wa usiku wakawatuhumu wa asubuhi kwamba huwaachia viporo vya kazi, na wahudumu wa afya, yaani wale wanaosafisha, kusukuma machela na kubadilisha mashuka, hawakuhesabiwa upande wowote. Ripoti ilisomwa mezani kutoka daftarini, huku anayeondoka akiwa amekwisha kuvaa viatu vya kwendea nyumbani, na maneno yaliyotawala ripoti hizo yalikuwa "anaendelea vizuri".

Asubuhi moja maneno hayo yalikaribia kutupotezea mama. Alikuwa amejifungua salama usiku, na katika ripoti alisomwa kuwa anaendelea vizuri, nami nilipofika kitandani kwake saa 1:30 nikamkuta midomo imepauka, mapigo ya moyo yanakwenda mbio, na kanga aliyoilalia imeloa damu hadi kwenye pindo. Tulimkimbiza chumba cha upasuaji, akaongezewa chupa 3 za damu, na Mungu akamjalia kupona. Jioni yake, mhudumu wa zamu ile ya usiku alipoingia tena kazini, nilikaa naye pembeni. Ni mama wa makamo, aliyekaa hospitalini pale miaka mingi kuliko sisi sote. Aliniambia kwamba tangu saa 11 alfajiri alikuwa amembadilishia yule mama kanga mara 2. Nilipomwuliza kwa nini hakumwambia muuguzi, alijibu kwa upole, "Sista, mimi ni nani wa kuwaambia manesi?"

Sikulala vizuri usiku ule. Dawa ilikuwapo kabatini na ujuzi ulikuwapo. Kilichokosekana ni mtu kujiona ana haki ya kusema alichokiona.

Nilitafuta ushauri, na ushauri niliopewa bado unaniudhi hadi leo. Mwezeshaji mmoja wa semina alituambia kwamba timu hujengwa kwa nidhamu na kwa kufurahi pamoja, kwa hiyo tuweke faini, tushone fulana za wodi, na twende matembezi. Nilimwamini, nikafanya yote matatu. Faini ilikuwa shilingi 2,000 kwa kuchelewa na shilingi 5,000 kwa kutojaza patografu, ile karatasi ya kufuatilia mwenendo wa uchungu. Mwezi wa kwanza sanduku lilipata kama elfu themanini hivi, na patografu zote zikawa zimejazwa, nami nikafurahi. Kisha siku moja nikachukua faili la mama mmoja na kulisoma kwa makini. Mapigo ya moyo wa mtoto yalikuwa yameandikwa kila nusu saa, kwa kalamu ileile na mkono uleule uliotulia, kuanzia saa 6 usiku hadi saa 12 asubuhi, ilhali mama huyo alikuwa amejifungua saa 10. Nilitoa mafaili mengine ya wiki ile, nikakuta manne yanayofanana nalo. Watu wangu walikuwa wamejifunza kuikwepa faini kwa kuandika uongo, na mimi ndiye niliyewafundisha. Nililifungua sanduku mbele yao, kila mmoja akarudishiwa fedha yake, nikawaomba radhi.

Fulana zilitugharimu laki tatu na ushee kwa michango yetu wenyewe, zikavaliwa Ijumaa chache. Matembezi nayo tulikwenda, tukachoma nyama, na nilipoinua macho nikaona zamu ya usiku imekaa meza yake, ya asubuhi meza yake, na wahudumu wa afya ndio wanaogeuza nyama motoni. Sisemi kwamba watu wasile pamoja. Nasema kwamba kama kazini mtu hana sauti, pikiniki haitampa.

Hatua iliyozaa matunda mapema ilikuwa kuihamisha ripoti kutoka mezani hadi kitandani. Anayeondoka na anayeingia husimama pamoja mbele ya kila mama, humsalimia kwa jina, hukagua kanga au pedi yake, na wote wawili huweka mkono tumboni kuhakikisha kwamba mji wa mimba umekaza, maana ukilegea damu huvuja. Mama mwenyewe huulizwa, mbele ya wote wawili, anajisikiaje. Ratiba niliipanga upya ili zamu inayoondoka na inayoingia zikutane wodini kwa nusu saa, manung'uniko yakaisha ndani ya wiki chache.

Lakini sauti ya mhudumu wa afya haikupatikana hivyo, na hapo ndipo choya ilipoingia.

Nilinunua sokoni choya kavu, yale maua ya kutengenezea juisi nyekundu, ya kama elfu tatu, nikaichemsha nyumbani hadi ikatoa rangi nzito ya damu, nikaiacha ipoe. Asubuhi nikapima kwa jagi la maabara kiasi cha aina tatu. Mililita 500 nilizimimina juu ya kanga iliyokunjwa kama akina mama wanavyoikunja. Mililita 250 nikazimimina kwenye pedi kubwa. Na lita nzima nikaimwaga juu ya mpira wa kitanda, nikiiacha ichuruzike hadi sakafuni. Niliwaita watu wote waliokuwapo, madaktari, wauguzi, wahudumu wa afya na wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, kila mmoja nikampa kikaratasi aandike makadirio yake bila kuandika jina. Mtu wa kawaida hudhani kwamba wanaoshinda leba wanaijua damu kwa macho. La hasha. Ile kanga yenye mililita 500, ambacho ndicho kiwango kilichozoeleka cha kumtambua mama anayevuja damu kupita kiasi baada ya kujifungua, wengi waliiandikia 200 au 300. Lita ya sakafuni wengi waliipa nusu yake. Nilikuwa nikivisoma vikaratasi kwa sauti, na wodi ilizidi kunyamaza, kwa sababu kila mmoja alikuwa akiwakumbuka akina mama aliowaandikia "damu kiasi" katika faili.

Kikaratasi kimoja tu kilikuwa na makadirio yote matatu yaliyokaribia kabisa ukweli. Niliuliza ni cha nani, pakapita kimya, kisha yule mama mhudumu akainua mkono nusu, kama anayeogopa kukosea. Daktari wa zamu akamwuliza amejuaje. Akasogea mezani, akaishika kanga ile kwa mikono miwili na kuikamua juu ya beseni, akasema, "Kanga ikiloa hadi pindo, na ukiikamua ikachuruzika namna hii, hiyo ni chupa ndogo ya maji ya kunywa, ya nusu lita. Mimi ndiye ninayeziloweka kwenye ndoo ya dawa kila asubuhi." Daktari alirudi kwenye kanga, akaikamua kwa mikono yake, akanyamaza. Mimi machozi yalinilengalenga, na siyaonei haya.

Kuanzia siku hiyo tulikubaliana neno moja. Yeyote anayeona kanga moja imeloa anaita kwa sauti, "Kanga!", na walio karibu wote wanakwenda kitandani hapo bila kuuliza nani ameita. Mkuu wa zamu humshukuru aliyeita mbele ya wenzake hata ikionekana kwamba hakukuwa na hatari. Sharti hilo la mwisho ndilo lililobeba yote. Wito wa kwanza ulitoka kwa mwanafunzi, na mama alikuwa mzima kabisa, daktari aliyeacha kazi yake akaanza kuguna, nami nikamtangulia kwa kumshika mwanafunzi bega na kumwambia, "Umefanya vema, mwanangu, ita tena wakati wowote." Kama angekaripiwa pale, neno lile lingekufa siku hiyohiyo.

Kila Alhamisi baada ya ripoti tunafanya zoezi la dakika 20. Mmoja wetu hulala kitandani na chupa ya choya iliyofichwa chini ya kanga, na kiongozi wa zoezi hupatikana kwa kura, awe daktari, muuguzi au mhudumu. Mmoja hukanda mji wa mimba, wa pili huchoma uniti 10 za oksitosini, dawa ya kuukaza mji huo, wa tatu huweka kanula na dripu, wa nne hukimbilia damu maabara, na wa tano husimama na saa akiandika muda. Yote huanza kwa wakati mmoja. Mwaka 2023 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, ambamo damu ilipimwa kwa plastiki yenye alama inayowekwa chini ya mama, na tiba zikatolewa kwa pamoja badala ya kusubiriana. Uvujaji mkali na madhara yake vilipungua kwa asilimia 60. Niliwasomea wenzangu habari hiyo kwenye kikao, wakapiga makofi kama waliotajwa majina.

Kuhusu makosa, niliona kwamba hakuna atakayeyasema kabla yangu. Kikao cha Jumatatu nikaanza na langu: usiku umeme ulipokatika niliitoa boksi ya oksitosini kwenye friji ili kuihamishia kwenye kibebea baridi, nikaitwa kwa mgonjwa, nikaisahau mezani hadi asubuhi, nayo ni dawa inayotakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Wiki mbili zilipita bila mwingine kusema lolote. Ya tatu, muuguzi kijana akasimama na kueleza kwamba alikuwa amechanganya majalada ya akina mama wawili. Tulimsikiliza, tukabadilisha mahali pa kuweka majalada, basi. Bango la "Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia", zile hatua tano za kupanga mahali pa kazi, linalofahamika katika hospitali zetu nyingi, lilikuwa limening'inia ukutani kwetu kwa miaka, likikumbukwa siku za ukaguzi. Safari hii watu walilitekeleza wenyewe, kwa sababu trei ya dharura isiyo na mpangilio ilikuwa inawaaibisha kwenye zoezi la Alhamisi.

Mwezi uliopita niliingia asubuhi nikakuta zamu zinakabidhiana kitandani nambari 4. Yule mama mhudumu ndiye aliyekuwa akitoa ripoti, daftari mkononi, na muuguzi anayeingia akiandika. "Kanga moja saa 9 na dakika 10, nikaita, wakaja wote. Amechomwa sindano, amekandwa. Tangu hapo hajaloa tena." Kisha akamgeukia mama aliyelala, akamwuliza kama anayo la kuongeza.