Mwezi kadi ya mama ilipogoma kusoma

Kila ikitajwa korona kwenye vijiwe vya hapa Mbeya, kuna kauli haichelewi kutoka: "Sisi bwana hatukufungiwa." Ni kweli, na mimi huwa naitikia. Wakenya waliwekewa amri ya kutotoka usiku, Waganda shule zao zilikaa karibu miaka miwili bila kurudi sawasawa. Huku kwetu Mwanjelwa nyanya ziliuzwa na daladala za Uyole zilitembea, ila tuliambiwa tukae level seat, yaani abiria wote wakae, hakuna kusimama. Kwa mama wa genge anayekula alichouza leo, hilo lilikuwa jambo kubwa, na sitaki mtu anisome vibaya hapo.

Lakini jamani, wapo tuliofungiwa.

Mwaka 2020 nilikuwa nafundisha Biolojia kwenye shule moja binafsi. Machi 16 Waziri wa Afya, Ummy Mwalimu, alitangaza mgonjwa wa kwanza nchini, Mtanzania aliyerejea kutoka Ubelgiji na kugundulika Arusha. Kesho yake Waziri Mkuu Majaliwa akafunga shule kwa siku 30. Sina ugomvi na uamuzi ule. Kwa jinsi watoto walivyobanana kwenye mabweni yetu, hata mimi ningefunga. Siku 30 zikaongezwa, mwisho wake ukawa haujulikani, hadi kidato cha sita waliporudi Juni 1 na wengine wote Juni 29.

Shule binafsi mshahara wa mwalimu ni ada ya mzazi, hakuna mfuko mwingine. Mtoto yuko nyumbani, mzazi halipi. Mzazi halipi, mwenye shule naye anakunja mikono. Wenzetu wa serikalini mshahara uliingia kila mwezi, na haki yao. Sisi tulipata ujumbe kwenye grupu la WhatsApp: likizo bila malipo mpaka hali itakapotengemaa. Hakukuwa na barua wala kikao. Chini yake kulikuwa na kile kialama cha mikono inayoomba, sijui tulikuwa tunaombwa au tunaombewa.

Sheria ipo. Lalamiko la mshahara unalipeleka Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60, na la kuachishwa kazi ndani ya siku 30. Ila siku hizo zinakimbia huku unaambiwa "tuvumiliane walimu wangu, shule zinafunguliwa muda si mrefu." Na nani atamshitaki mtu ambaye anasubiri amwite tena?

Mshahara kukatika tulishauzoea kidogo, maana hata siku za kawaida ulikuwa unachelewa. Kilichonishtua kilikuja Mei. Mama yangu anaishi Tukuyu na ana presha ya miaka mingi, nilikuwa nimemwandikisha kama mtegemezi kwenye bima yangu. Akanipigia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hii kadi wamesema haisomi."

"Haisomi vipi?"

"Ndiyo hivyo. Binti wa dirishani kaipuliza, kaifuta na kanga yangu, kajaribu tena. Anasema mwajiri hajaleta."

Mchango wa bima ni asilimia 6 ya mshahara, nusu yako na nusu ya mwajiri. Pasipo mshahara hakuna mchango, na pasipo mchango mfumo unakutema, wewe na mama yako. Yaani wakati ule ule redio zote zinasema wazee wenye presha na sukari ndio wajihadhari kuliko wengine, mama yangu ndipo akatolewa kwenye bima. Sidhani kuna mtu ofisini aliyekaa akaamua hivyo. Waliofunga shule waliangalia watoto, waliofunga kadi waliangalia michango.

Nilimtumia hela ya dawa kwa simu. Baadaye dada yangu akamchongea: mama alikuwa anakunywa leo, kesho anaruka, ili dawa zifike mbali. Siku za kuruka alipiga nyungu. Majani ya mikaratusi, mchaichai, malimao, blanketi juu, anatoka humo jasho linamtiririka na kusema amepona. Nyungu sikuikataza, ila presha haifukizwi. Takwimu nazo zilikuwa zimenyamaza tangu mwisho wa Aprili. Nchi ilibaki na wagonjwa 509 na vifo 21 kwenye vitabu vya dunia, mwezi baada ya mwezi, na kijijini ukiuliza kama ni salama kumpeleka mzazi hospitali unajibiwa na jirani.

Mimi na mwalimu wa Fizikia tukaingia kwenye viazi. Tulichukua mzigo Uporoto na kuupanga kando ya barabara kuu, wateja wetu wakiwa madereva wa malori wanaorudi Dar kutoka Zambia. Wiki ya pili tu ya Mei Zambia ikafunga mpaka wa Nakonde kwa siku chache. Malori yakalala mpakani, viazi vyetu vikalala Uyole vikianza kuchipua. Amri imetolewa Lusaka, hasara unaipata wewe. Mwenzangu hakukata tamaa. Leo ni dalali wa parachichi Rungwe na anasema hata wakimwita darasani kwa gari hatarudi.

Mimi nilirudi, ila serikalini. Ajira za walimu wa serikali, zile za TAMISEMI, ofisi ya serikali za mitaa, zilipotangazwa 2021 niliomba, na nilivyoona walioomba, nadhani kila mwalimu wa shule binafsi ukanda huu alikuwa kwenye mtandao usiku ule. Baadaye ule mkopo wa korona kutoka IMF, Shirika la Fedha la Kimataifa, shilingi trilioni 1.3, ukaleta vyumba vya madarasa 15,000 nchi nzima ili kupunguza msongamano. Tunaviita madarasa ya UVIKO mpaka leo. Nafundishia kimojawapo, kina mwanga na madawati mazuri, nakipenda. Nikiwa nasahihisha madaftari humo huwa nafikiria: korona imetuachia kuta, na kuta tulizihitaji kweli. Ila mwalimu wa shule binafsi jirani, akifungiwa tena kesho, atakuwa pale pale nilipokuwa mimi Aprili 2020.

Sasa kuna sheria ya bima ya afya kwa wote, ilipitishwa 2023. Wanaoisimamia wakiniuliza, na hawataniuliza, ningeomba kitu kimoja tu: mshahara ukikatika kwa janga lililotangazwa na serikali yenyewe, kadi iendelee kusoma miezi sita, mchango ulipwe na mfuko wa maafa au ukatwe baadaye kidogo kidogo kazi ikirudi. Mwajiri na mwalimu wagombane watakavyo huko kwenye Tume. Mgonjwa wa dirishani asihusishwe.