Picha za Dani

Agosti 2019, usiku mmoja hapa Kondele, Kisumu, stima ilipotea mara tatu. Iliporudi mara ya tatu, laptopu kuukuu niliyoigeuza seva haikuwaka sawasawa. Ilikaa chini ya meza ya sebuleni, betri imekufa zamani, ikiendesha Debian, mfumo huria wa kompyuta, na Nextcloud, programu ya kuhifadhi mafaili na picha. Diski ikawa inagonga, tik, tik, kama saa ya ukutani, na mafaili hayafunguki.

Humo ndimo zilimokuwa picha za Dani, nyanya yetu tuliyemzika Nyakach mwezi Juni. Simu iliyozipiga ilikwisha kuibwa Kibuye. Nakala ya pili sikuwa nayo, na kosa hilo ni langu. Mama aliniuliza neno moja tu: "Hata za Dani?" Sikuweza kumjibu.

Nilichojua ni kwamba diski ile isiandikwe kitu tena, maana kila kipya huweza kufunika cha zamani. Niliazima diski tupu kwa jirani fundi simu, nikahamishia kila kilichosomeka kwa ddrescue, programu ya kunakili diski inayokufa. Ilichukua mchana kutwa na usiku kucha. Kisha nikaiwashia nakala hiyo PhotoRec, programu huria ya kuokoa mafaili, ya Mfaransa Christophe Grenier. PhotoRec haiulizi faili liliitwa nani wala lilikaa folda gani. Hupitia diski kipande baada ya kipande ikitafuta alama za mwanzo za kila aina ya faili. Picha ya JPEG, kwa mfano, huanza na baiti FF D8 FF. Mtu yule hanijui, hakunitoza hata shilingi, na msimbo wake ameuacha wazi kwa yeyote. Nilimwombea dua usiku ule.

Kulipokucha folda ya recup_dir.1, ambamo PhotoRec huweka inachookoa, ilikuwa imejaa, ya pili inajaa. Picha zilirudi bila majina: f na tarakimu, f na tarakimu, mamia.

Mama akavuta kiti. "Hii andika, Dani anaanika omena. Hii ni siku ya ng'ombe wa mahari ya dada yako." Nami nikaandika hadi giza likaingia.

Tukafika kwenye moja iliyokatika. Juu kilionekana kitambaa cha kichwa, chini ni kijivu kitupu. Nikapeleka kidole kwenye kitufe cha kufuta.

"Acha," Mama akasema. "Kitambaa hicho nilimfunga mimi."