Shemeji na timu yake inayohamahama

Nimerudi kutoka uwanja wa Kirumba hapa Mwanza sasa hivi, viatu vimejaa vumbi, mke wangu ananiuliza mbona naandika kwenye simu badala ya kuoga, nimemwambia subiri, nikioga ntasahau. Leo Pamba, timu yetu, walikuwa wanacheza na Fountain Gate. Matokeo mnayo wenyewe huko, mi sitaki hata kuyaongelea, nataka kumuongelea shemeji.

Shemeji ni kaka wa mke wangu, Mnyaturu wa Singida, anauza mafuta ya alizeti karibu na mwaloni, ana zaidi ya miaka kumi hapa Mwanza lakini ukimuuliza timu gani hakwambii Simba wala Yanga, anakwambia Singida. Basi. Na hiyo Singida yenyewe ndo imemtesa. Alianza na Singida United, ile iliyopanda ligi kuu 2017 ikashuka 2020, jezi yake mpaka leo anaitumia kufutia madumu, imelowa alizeti mpaka imekuwa ngumu kama turubai. Halafu 2022 timu ya DTB ya Dar wakapanda ligi kuu, wakahamishiwa Singida, wakaitwa Singida Big Stars. Msimu wa kwanza tu wakashika nafasi ya nne! Shemeji kwa furaha hakuuliza kama kuna mtu wa Dar aliyeachwa na ile timu, na mimi sikumuuliza, nani anaulizaga mambo hayo ukiwa unashinda.

Mwaka uliofuata jina likawa Singida Fountain Gate. Akanunua jezi nyingine. Halafu katikati ya ule msimu wa 2023/24 tukasikia timu inahamia hapa hapa Mwanza, uwanja wa nyumbani CCM Kirumba. Aisee. Shemeji alichinja kuku. Alikuja nyumbani usiku na lita tano za mafuta bure akasema, "Shem, watu wanafuata timu, mimi timu imenifuata."

Tukawa tunaenda wote. Na hapa niseme ukweli, sisi watu wa Mwanza tulikuwa tunaiangalia ile timu kama mtu aliyealikwa harusi ya jirani, unakula pilau, unapiga makofi, lakini bibi harusi humjui. Yanga walipokuja uwanja ulijaa, ila mwenyeji ndo alionekana mgeni. Zikija timu ndogo tulikuwa wachache mpaka unamsikia kipa anavyowagombeza mabeki wake, na katikati ya ule ukimya kuna sauti moja tu inashangilia kwa moyo, ya shemeji, watu wanageuka kumwangalia kama vile kapandwa na mashetani.

Sasa kumbe huku sisi tunapokea, na Singida nako wanapokea. Ihefu, wale wa Ubaruku kule Mbarali, waliomfunga Yanga Novemba 2022 wakamkatia mbio zake za mechi 49 bila kufungwa, wakahamia Singida, baadaye wakaitwa Singida Black Stars. Mama mkwe alipiga simu, yeye mpira haujui kabisa, anasema mwanangu huku mmeletewa timu nyingine. Kama unavyoletewa mbuzi badala ya yule aliyepotea. Na sisi tukawaza, na wa Ubaruku je? Wameletewa nini?

Msimu wa 2024/25 ulipoanza ile ya shemeji ikaondoka Kirumba, ikaenda Babati, uwanja wa Tanzanite Kwaraa, jina la Singida likatolewa, ikabaki Fountain Gate. Sina ugomvi na walioamua, timu inataka hela na kila mwenye timu ana hesabu zake. Ila mimi nilikuwepo siku shemeji anapata ile habari, alikuwa anapima mafuta, akaendelea kupima, kikombe kikamwagikia mkononi.

Nikamwambia kirahisi tu, shem si uchukue Singida Black Stars, jina lipo, uwanja wa Liti upo pale pale, ni nyumbani kwenu. Akaniangalia.

"Shem, mkeo akiondoka, akaja mwanamke mwingine kwenye nyumba ile ile, akaitwa jina lile lile, utamwita mke wako?"

Mke wangu akajibia jikoni, "Huyu? Wiki ya kwanza tu."

Tulicheka lakini lile swali halijaniacha. Kwa sababu mimi ndo nilikuwa najisifia kwake kila siku. Mimi wa Pamba bwana, TP Lindanda, wana Kawekamo, mabingwa wa Ligi ya Muungano 1990, halafu tukaanguka, zaidi ya miaka 20 tunahangaika madaraja ya chini mpaka tuliporudi ligi kuu 2024. Nilikuwa namwambia huo ndo uaminifu, miaka yote ile sikubadilika. Lakini nikikaa nikafikiri, miaka yote hiyo nilikuwa najua timu yangu iko wapi. Asubuhi napita uwanja wa Nyamagana nawakuta mazoezini, nilishawahi kumtukana beki wetu Jumapili na Jumatatu nikamkuta anagombania chenji ya vitumbua kama mimi. Timu ikishuka bado iko nyumbani, unaweza kuinunia. Ikihama unainunia wapi?

Nikaenda kusoma ya wenzetu. Kumbe Uingereza Wimbledon waliruhusiwa kuhama mwaka 2002, 2003 wakahamia Milton Keynes, mashabiki wakagoma wakaanzisha timu yao wenyewe toka chini kabisa, AFC Wimbledon, na 2020 wakarudi mtaani kwao Plough Lane. Nikamsimulia shemeji nikidhani nampa moyo, akasema hao wana hela ya kuanzisha timu, mimi nina madumu. Halafu jamaa wa saluni hapa mtaani, Arsenal damu, nikamwambia Arsenal na wao walihama 1913, walikuwa kusini mwa mto Thames wakavuka kwenda Highbury, kama mtu anavyovuka Kigongo kwenda Busisi. Kakataa katakata, kasema nisimletee uongo wa mtandaoni na wembe uko shingoni mwangu. Nikanyamaza.

Sasa leo. Shemeji kaja na shati la kawaida, begi mgongoni. Tumekaa mzunguko, mimi na kijani yangu, katikati ya watu wetu. Kipindi cha kwanza hakusema kitu, ana karanga mkononi, kila Fountain Gate wakipata kona anazikamua mpaka maganda yanadondoka, lakini kimya. Wachezaji aliokuwa anawashangilia hapa hapa wengi hawapo tena. Nikajua basi, imekwisha, kapona.

Kipindi cha pili kinaanza tu, kafungua begi. Katoa jezi, ile yenye Singida Fountain Gate kifuani, kaivaa juu ya shati, taratibu, kola kwanza imegoma kupita kwenye masikio. Vijana wa nyuma yetu wakaanza, "We ngosha, hiyo timu haipo!"

Shemeji hata hakugeuka. Kanyoosha kidole uwanjani.

"Ipo. Ile pale."

Mimi ni Pamba, nilikuwa nataka tushinde, lakini nawaambia ukweli kuna dakika kama tano pale sikujua naangalia nini, nilikuwa naangalia ile kola imekaa upande.

Kurudi tumebanana kwenye daladala, yeye kasimama, jezi bado kaivaa. Anasema anataka aende Babati mechi moja, ajionee. Nikamwambia shem huo mwendo si mchezo, Shinyanga, Nzega, Igunga, halafu nikanyamaza maana nilishaona inapoenda ile barabara. Yeye kashaona kitambo.

"Basi linapita Singida," akasema. "Ntamsalimia mama dirishani."