Mpini wa dekio

Mama alijenga nyumba yake ya Salasala kwa kiinua mgongo cha ualimu, na kilipoisha akaimalizia kwa kuku wa mayai. Kwenye nyumba nzima mimi niliomba kitu kimoja tu: sebuleni, upande wa kibarazani, uwekwe mlango mpana wa kioo na aluminiamu, ule wa kuvuta pembeni, ili jioni tupate upepo wa bahari unaopanda kilimani. Mama alitaka na grili. Nikamwambia, "Mama, ukiweka nondo hapo sebule itafanana na mahabusu." Akanitazama, akaniachia.

Ilikuwa Aprili 2016, masika yamekolea. Nilikuwa nimetoka Sinza Ijumaa jioni kwenda kulala kwake. Usiku ule mvua ilinyesha juu ya bati mpaka mtu ulikuwa husikii hata redio. Mlango niliufunga mwenyewe, nikaujaribu mara mbili kwa kuuvuta. Ulikuwa umefungwa barabara.

Alfajiri Mama aliniita kwa sauti ya chini, sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Nikamkuta amesimama katikati ya sebule na kanga yake, upepo unamvuma usoni. Mlango haukuwepo mahali pake. Ulikuwa umeegemezwa nje kwenye ukuta wa baraza, mzima, kioo hakina hata ufa, matone ya mvua yanateremka juu yake. Kitasa kilikuwa bado kimefungwa. Ile ndoano yake ya chuma ilikuwa imechomoza pembeni mwa fremu vilevile nilivyoiacha usiku, haishiki kitu.

Runinga ilikuwa imeondoka, mtungi wa gesi umeondoka, na redio ya marehemu baba, ya mbao, aliyokuwa akisikilizia taarifa ya habari ya saa mbili usiku, nayo imeondoka. Kwenye mkeka zilibaki nyayo za tope za watu wawili. Zilifika mpaka kwenye mlango wa chumba cha Mama, zikageuka.

Mama aliziona kabla yangu. Alisema neno moja tu, "Walisimama hapa," kisha akaenda kuchota maji ya kutawadha.

Majirani walikuja, mjumbe akaja, pole zikawa nyingi. Baba Rehema wa nyumba ya pili alishikilia kwamba tulipuliziwa dawa ya usingizi, ndiyo maana hatukusikia. Dar es Salaam kila aliyeibiwa usiku huambiwa hivyo. Mimi siamini. Mvua ile ilitosha. Nilikwenda polisi nikachukua RB, ile namba ya taarifa iliyoandikishwa kituoni, nikarudi.

Mchana tulimpata fundi wa aluminiamu kutoka Tegeta, si yule aliyeuweka mlango. Kijana mpole, akamwamkia Mama, akavua viatu ingawa sebule ilikuwa imeshachafuka. Aliurudisha mlango kwenye reli, akaufunga kwa ufunguo, kisha akatoka nje na kuniambia, "Dada, niangalie." Akaweka viganja viwili kwenye fremu, akaunyanyua wima, akauvuta sehemu ya chini kuelekea kwake. Ukatoka. Sidhani kama nilipumua mara tatu.

Nilitetemeka kuliko asubuhi. Kumbe mlango nilioutegemea ulikuwa umeshikiliwa na uzito wake tu.

Akatueleza. Mfereji wa reli ya juu huachwa na kina kirefu kwa sababu fundi huupandisha mlango humo kwanza, ndipo auteremshie kwenye reli ya chini. Nafasi hiyo isipozibwa baadaye, mwizi anautoa kwa njia ileile ulioingilia. Na ndoano ya kitasa inazuia mlango usivutwe pembeni, haiuzuii kupanda juu. Ukipanda, ndoano inachomoka kwenye mdomo wake bila kuvunjika.

Mama alivuta kiti akakaa karibu, kama aliyekuwa akikagua daftari la mwanafunzi. "Sasa ziba," akasema.

Fundi alitoboa mfereji wa juu kwa drili, akatia skrubu tatu, hakuzikaza hadi mwisho. Aliacha vichwa vyake vining'inie, mlango upite chini yake bila kugusa lakini usipate pa kupandia. Chini, kwenye fremu, kulikuwa na vitundu viwili ambavyo sikuwahi kuviona. Akaingiza bisibisi, akazungusha, na mlango ukainuka kidogo juu ya magurudumu yake, ile nafasi ya juu ikazidi kupungua. Upande wa pili wa kioo, ule usiotembea, akaukaza na fremu kwa ndani. Akatoka nje tena, akanyanyua kwa nguvu zake zote. Vikasikika vichwa vya skrubu vikigonga aluminiamu, kwa kwa, basi.

Kisha akaomba kijiti kinachotosha kulala ndani ya reli, nyuma ya mlango. Mama akaenda jikoni akarudi na dekio. Mpini ukakatwa kwa msumeno kwa urefu wa reli, ukaachiwa nafasi ya ukucha tu. Tangu siku hiyo Mama alidekia kwa kuinama na tambara, hakutaka kununua dekio jingine.

Usiku ule mvua ilirudi. Nilikuwa macho nikamsikia akitoka chumbani. Mpini ukaanguka kwenye reli, tak. Ukimya. Akauinua, akauangusha tena, tak. Kisha ndala zake zikarudi polepole. Alifanya hivyo mara nne kabla ya alfajiri, na mimi nilihesabu zote nikilia.

Hakunikumbusha maneno yangu ya mahabusu, siku hiyo wala baadaye. Jumatatu nilikwenda mwenyewe kwa fundi wa kuchomelea na vipimo mkononi. Grili ilipofungwa fundi huyo alituonya ufunguo usikae mbali, moto ukitokea tutanaswa ndani, wala usikae mahali mkono wa mtu wa nje unapoweza kuufikia. Mama alizunguka sebule akinyoosha mkono, akipima. Mwishoni akautundika kwenye msumari ambao baba alikuwa akifungia waya wa eriali ya redio yake.