Daftari la Mama Kwaya

Simu ilinipata jioni kwenye stendi ya matatu Kayole, Mei 2022 ikielekea ukingoni. Alikuwa mwenyekiti wetu. "Katibu," akasema, "ile wadi tumewaachia wenzetu. Mwambie mama ajiondoe kabla hajapeleka karatasi kwa IEBC, tume ya uchaguzi."

Wenzetu hao walikuwa chama kikubwa ndani ya muungano tuliojiunga nao. Chetu kilikuwa kidogo mno, chama cha Wakristo waliotaka siasa itetee ndoa na uhai wa mtoto aliye tumboni. Jina lake naliacha, maana waliokiongoza wengine bado nasali nao.

Wengi wetu tulijuana 2010, kwenye kampeni ya La ya kura ya maoni. Tulivaa nyekundu tukaipinga Katiba mpya kwa sababu ya kifungu cha 26 kuhusu uavyaji mimba, na kwa sababu ya mahakama za kadhi. Tarehe 4 Agosti tulishindwa. Upande wa Ndiyo ulizoa zaidi ya theluthi mbili ya kura. Ila ile karibu theluthi moja iliyobaki tuliiona kama zizi letu, tukasema hawa watu wakipata chama watakifuata. Ilipofika 2013 kila mtu akarudi kwa kigogo wa kwao. Tukabaki sisi wachache na viti vya plastiki vya ukumbi wa kanisa.

Kwa hiyo sikuupinga muungano, na hata leo siupingi. Rais wa Kenya anahitaji nusu ya kura na moja zaidi, pamoja na robo ya kura katika angalau kaunti 24. Chama cha watu wa fungu la kumi hakifiki huko peke yake. Sheria ya vyama iliporekebishwa Januari 2022, ikaruhusu muungano wenyewe kusajiliwa kama chama, vyama vidogo vilifuatwa hadi milangoni. Na sisi tulifuatwa. Nilikuwa mmoja wa walioinua mkono kukubali.

Mgombea wetu wa MCA, yaani mwakilishi wa wadi katika bunge la kaunti, tulimwita Mama Kwaya. Kampeni yake ilikuwa daftari moja gumu la kaunta, ambamo aliandika kila aliyemchangia: dobi wa ghorofa ya pili, hamsini, muuza sukuma, ishirini, kijana wa bodaboda, mia. Ada ya IEBC kwa mwanamke anayewania wadi ilikuwa shilingi 2,500, nusu ya ile ya kawaida, na tayari alikuwa ameitenga kwenye bahasha ndani ya Biblia yake.

Nilimkuta akichambua maharagwe. Nikazungukazunguka kwanza, nikauliza kwaya, nikauliza wajukuu. Akaniangalia.

"Katibu, mwanangu, sema kilichokuleta."

Nikasema. Alinyamaza, akaendelea kutoa mawe, kisha akauliza, "Hayo yameandikwa wapi?"

Sikuwa na jibu. Mkataba uliopelekwa kwa Msajili wa Vyama nilikuwa nimeusoma, na haukutaja wadi yoyote. Kisheria hakuna kilichomzuia kuwania kwa alama yetu. Yalikuwa maneno ya simu tu, kutoka kwa mkubwa hadi kwa mdogo, na mimi ndiye niliyekuwa nimeyabeba. Nilimwambia ukweli huo. Nilimwambia pia kwamba akikataa, mimi nitasimama naye.

"Chama kikinikataa nitasimama kwa alama ya nani?" akasema. "Lakini pesa ya watu hailali kwangu. Kesho baada ya ibada twende wote."

Tulizunguka jioni mbili. Yeye alibeba daftari, mimi nikabeba sarafu kwenye mfuko wa unga. Kila mlango alieleza mwenyewe: nimejiondoa, hii ni yako, asante. Hakumlaumu mwenyekiti hata mara moja. Wengine walipokea wakicheka, wakidhani ni aina mpya ya kampeni. Muuza sukuma alikasirika kweli: "Kwa hivyo mlikuwa mmeniuza?" Mama alitaka kujibu, nikamtangulia. Nikasema ndiyo, na mimi nilikuwa kwenye mkutano ule, na hatukuwauliza. Ilinichoma kulisema, lakini ndivyo ilivyokuwa. Kura tulizozitoa sadaka kwa muungano zilikuwa na wenyewe, na wenyewe walikuwa wamezilipia ishirini ishirini.

Tarehe 15 Agosti matokeo ya urais yalipotangazwa, William Ruto alikuwa na kura 7,176,141 na Raila Odinga 6,942,930. Mwenyekiti akanipigia: "Umeona? Tofauti ni 233,211. Ndiyo maana kila chama kidogo kilitafutwa." Alikuwa sahihi. David Mwaure Waihiga wa chama cha Agano, aliyekwenda debeni bila muungano mkubwa nyuma yake, alipata 31,987 nchi nzima. Nililitazama lile jedwali nikamheshimu mtu huyo kwa namna ambayo sikuwa nimemheshimu kabla, kwa sababu waliomchagua walimkuta kwenye karatasi.

Mama Kwaya alipiga kura tano siku ile. Ya sita, ya MCA, aliniambia aliikunja tupu akaitumbukiza.

Daftari aliniachia mimi, katibu. Kuna majina saba hayana alama ya vema, watu waliokuwa wamehama nyumba tulipofika, na pesa yao, shilingi 340, iko kwenye ile bahasha.