Kidonda cha shavuni na picha ambayo sikuiombea ruhusa

Kwenye zahanati za huku kwetu Gilgil, mgonjwa huja na faili lake mwenyewe: daftari la shule lililokunjwa katikati, jalada limeshika masizi ya jikoni. Daftari la msichana huyu lilikuwa na miandiko ya watu watatu. Nilifungua kurasa za nyuma nikitafuta nani alimpa dawa gani, nikakuta mwandiko wa tatu ni wangu. "Fangasi? Mafuta mara mbili kwa siku, wiki mbili." Chini yake, tarehe ya mwezi uliofuata, mwandiko uleule: "Fangasi. Aendelee na mafuta." Alama ya kuuliza nilikuwa nimeshaiondoa.

Mimi ni tabibu wa diploma, wale ambao kijijini tunaitwa daktari na mjini tunaulizwa daktari yuko wapi. Siku ya soko naona wagonjwa sitini na zaidi. Sisemi hivyo kujitetea, maana daftari limeshasema.

Msichana alikuwa na miaka 11. Kidonda kilikuwa kwenye shavu la kushoto, karibu na pua, ukubwa wa sarafu ya shilingi ishirini. Ukingo wake ulikuwa umeinuka kama mdomo wa chungu, katikati pana gamba gumu la rangi ya kahawia. Kilikuwa kimemaliza miezi saba na hakikuwa kinauma. Nadhani hilo ndilo lililotupumbaza wote. Kidonda kisichouma hakimlazi mtu kitandani, kwa hiyo mtoto anaendelea na shule na daktari anaita mgonjwa anayefuata.

Mara hii nilianza upya. Nilimwambia afumbe macho, nikamgusa pembeni mwa kidonda kwa ncha ya pamba, naye akasema "hapo" kila nilipogusa. Ukoma huua hisia, kwa hiyo ukoma nikauweka kando. Kifua kikuu cha ngozi nacho kilinipitia kichwani. Nikiwa bado naandika nikamwona kaka yake mdogo, aliyekuwa amekuja tu kusindikiza, anajikuna sikio.

"Shosho, na huyu ana nini sikioni?" nilimuuliza nyanya yao. Huku kwetu bibi kizee ni shosho, awe Mkikuyu asiwe.

"Hicho ni kama cha dada yake. Ni cha pango hicho."

"Cha pango?"

"Mbuzi wetu wanalala kule pangoni. Jua likizama hawa ndio huwaingiza. Kuna vidudu kule, vidogo hata mbu ni mkubwa, na havina sauti. Kwani wewe hujui, daktari? Watoto wa kule juu wengi wamepata vidonda hivi. Vikikauka vinaacha shimo."

Sikujua. Nimefanya kazi eneo lile miaka minne, cheti kiko ukutani, na jina la ugonjwa lilikuwa linazunguka kijijini bila kunifikia. Chuoni tulikariri kala-azar kwa ajili ya mtihani: Baringo, Pokot, Turkana, wengu kuvimba, usubi kuishi kwenye vichuguu, mgonjwa asipotibiwa hufa. Ndugu yake wa ngozi alipewa sentensi mbili na mwalimu akageuza ukurasa. Ni vimelea vya ukoo mmoja, leishmania, na vyote huenezwa na usubi, vile vidudu vya shosho. Lakini aina ya kala-azar huingia ndani, kwenye wengu, ini na uboho, na hii nyingine hukaa pale usubi alipouma. Watafiti walishaandika kitambo kwamba mapango ya Mlima Elgon yana aina moja yake, na huku Gilgil kwenye miamba na misitu mikavu kuna nyingine, inayoitwa Leishmania tropica. Maandishi yalikuwepo. Sikuwa nimeyasoma.

Jioni nilimpigia rafiki yangu wa Nakuru. Nilipotaja pango tu akaniuliza kama nimevaa glavu. Wengi wetu tukisikia pango tunakumbuka Kitum kule Elgon, na wale wagonjwa wawili wa Marburg, homa ya virusi inayoambukiza na kuua, wa 1980 na wa 1987, ambao walikuwa wamelitembelea. Nikamwambia tulia, huyu ana kidonda tu, anacheka na kula.

Kazi ya kwanza ilikuwa kuviona hivyo vimelea. Mwenzangu wa maabara ana hadubini moja anayopimia malaria na makohozi. Rangi ya Giemsa ipo, kwa sababu ya malaria hiyohiyo. Nilikwangua gamba la katikati, nikapaka kwenye kioo, akapaka rangi, akatazama nusu saa. Usaha na bakteria basi. Nilikosea mahali. Vimelea huwa hai kwenye ukingo ulioinuka, katikati nyama imeshakufa. Siku iliyofuata nilimpigia yule rafiki tena akanielekeza hatua kwa hatua. Safisha, choma ganzi kidogo, bana ukingo kwa vidole viwili mpaka ngozi iwe nyeupe ili damu isiingie, chana milimita chache kwa wembe wa upasuaji, kisha kwa mgongo wa wembe kwangua ile nyama ya ndani. Kinachotakiwa ni utomvu. Damu ikijaa kwenye kioo huoni kitu. Msichana alinikazia macho muda wote bila kupepesa. Shosho ndiye aliyetazama pembeni.

Saa nane mchana nikaitwa. "Hii si malaria, daktari. Njoo uangalie."

Nilirekebisha lenzi. Ndani ya seli moja kubwa kulikuwa na vidoa vya mviringo, vimejazana kama mbegu za pasheni. Kila kidoa kilikuwa na nukta moja kubwa ya zambarau na kando yake kijiti kidogo sana, kama koma iliyoanguka. Hicho kijiti ndicho kinachotofautisha. Ukikiona, umepata. Nilitoka maabara nikazunguka zahanati mara moja bila sababu, nikarudi kutazama tena.

Hapo ndipo nilipofanya kosa la pili, na hili lilinigharimu zaidi ya yale mafuta. Kwa furaha, nilitoa simu nikampiga picha msichana, uso mzima, nikaiweka kwenye kundi letu la WhatsApp la matabibu. "Nani anajua hii?" Majibu yakamiminika. Mtu wa Kisumu, mtu wa Bungoma, mtu wa Kapenguria. Nilijiona mtafiti. Shosho alikuwa nje kwenye benchi akisubiri dawa, hatua kumi kutoka nilipokuwa, na sikumuuliza neno.

Sampuli tulizituma kwa maabara moja ya utafiti Nairobi, zikapanda matatu ndani ya kopo la biskuti lililojazwa pamba. Majibu ya vinasaba yalichukua wiki tano, nayo yakasema ni tropica. Hatukukaa bure wiki zote hizo. Mtaalamu wa ngozi wa Nakuru aliwaona watoto wote wawili, na chupa za dawa tuliziomba kutoka kituo kimoja cha kala-azar upande wa Baringo, kwa sababu dawa ni ileile, sodiamu stibogluconate, isipokuwa hapa haiingizwi mwilini mzima. Unachoma sindano kwenye ukingo wa kidonda, kuzunguka pande zote, mpaka ngozi igeuke nyeupe, kisha unarudia baada ya siku kadhaa. Sindano mbili za kwanza alichoma mtaalamu mimi nikiangalia, zilizobaki nilichoma mimi akiwa kwenye simu.

Shosho aliniuliza swali ambalo wengi hawaulizi. "Si umesema hiki hukauka chenyewe?" Ndiyo, mara nyingi hukauka. Huchukua mwaka au zaidi na huacha shimo. Sikutaka kumtisha ili akubali. Nikamwambia kidonda cha sikio tungeweza kukiangalia tu, lakini cha shavuni kiko karibu na jicho na pua na bado kinakua. Akafikiri. Akasema wachomwe wote wawili, mmoja asije akamcheka mwenzake.

Nauli ndiyo ingetushinda. Watu watatu kwenda Nakuru na kurudi ni pesa ya unga wa siku nyingi. Mhudumu wa afya wa kijiji chao aliongea na mwenye matatu, wakakubaliana watoto wapakatwe. Mambo mengine ya matibabu huku hutatuliwa hivyo, na hakuna fomu inayoyaandika.

Katikati ya matibabu shosho akaja peke yake, siku isiyo ya sindano. Hakukaa.

"Kijana wangu, picha ya mjukuu wangu ulipiga?"

Nilijua mara moja. Mmoja wa wale wa kundini alikuwa ameitumia picha kwingine, ikazunguka, ikafika kwenye simu ya mwalimu wa shule ya msichana. Watoto darasani wakaanza kusema ana ugonjwa wa mapango, ataambukiza dawati.

"Nilipiga, shosho."

"Hukuniuliza."

"Sikukuuliza."

"Sasa uso wake utakaa huko mpaka lini?"

Sikuwa na jibu. Nilifuta picha, nikawaomba wenzangu wafute, wengi wakasema wamefuta. Nilikwenda shuleni Jumatatu asubuhi, nikasimama paredi nikaeleza kwamba kidonda hiki hakitoki kwa mtu kwenda kwa mtu kwa kukaa pamoja, kinaletwa na kidudu. Mwalimu mkuu alinishukuru. Msichana hakunishukuru, na sikutegemea.

Nilikuwa nimeshaanza kuandika kisa chenyewe nikitaka kukipeleka kwenye jarida la madaktari. Majarida hudai mgonjwa au mzazi atie sahihi kwamba amekubali, na fomu niliyopata ilikuwa ya Kiingereza, kurasa mbili, maneno ambayo hata mimi niliyasoma mara mbili. Kusema kweli, kabla ya ile picha ningemwekea shosho kidole kwenye wino tukamaliza. Sasa nilikaa usiku mbili nikiiandika kwa Kiswahili. Neno "utafiti" nilipolijaribu kwa mhudumu wa kijiji alisema wazee wataona ni upelelezi, wa mashamba au wa kodi. Tukaandika: "Nataka kuandika habari ya ugonjwa huu ili madaktari wengine wautambue. Sitaandika jina wala kijiji. Ukikataa, matibabu yataendelea vilevile."

Nilikwenda kwao, sikuwaita zahanati. Tulikaa nje, mbuzi wanapita kati ya miguu yetu. Nilisoma pole pole, nikaongeza jambo ambalo fomu ya Kiingereza ilikuwa imelificha chini kabisa: kitu kikishachapishwa na kuingia mtandaoni, hata mimi siwezi kukirudisha. Hilo lilikuwa jibu la swali lake, nimelileta nimechelewa.

Shosho akamgeukia msichana. "Wewe wasemaje? Uso ni wako."

"Maneno aandike," akasema. "Picha yangu hapana."

"Na sikio la huyu?"

Kaka yake, ambaye ana miaka saba, alisema sikio wachukue hata yote mawili.

Kwa hiyo kisa kina picha moja, ya sikio. Jarida la kwanza lilitaka ada inayozidi mshahara wangu wa miezi miwili. La pili lilisema si jambo jipya, na ni kweli, tropica ya Gilgil inajulikana. Nilikaa na barua hiyo wiki nzima nimenuna, kisha nikaona nilikuwa nimeandika kisa kisicho. Nilikuwa nimesimulia vimelea, kana kwamba mimi ndiye niliyevigundua. Kilichokuwa cha kuandikwa kimo kwenye daftari: miezi saba, miandiko mitatu, mafuta ya fangasi mara mbili, na bibi aliyekuwa na jibu ambalo hakuna aliyemuuliza. Nikaandika upya, na mwandiko wangu nikauweka humo. Mhakiki mmoja wa jarida la tatu aliuliza kama nina picha ya kidonda cha usoni, kwamba ingesaidia sana. Nikajibu mgonjwa amekataa. Wakachapisha bila hiyo.

Pango tulilitembelea asubuhi moja, mimi, mhudumu na shosho akiwa mbele na fimbo. Pimbi walikuwa wamejianika kwenye miamba wakatutazama bila haraka. Ndani kuna vumbi laini la samadi, miguu inazama. Mbuzi sasa wanalala kwenye boma la miti karibu na nyumba, ingawa shosho analalamika kuhusu fisi, na ana haki. Watoto wanalala kwenye neti iliyowekwa dawa. Neti bila dawa usubi hupenya matundu yake, ni mdogo hivyo.

Kovu la msichana lipo, limesinyaa, limebaki kama kidole kilichobonyeza unga. Yuko darasa la saba. Wiki mbili zilizopita alikuja zahanati bila shosho, amemshika mkono mtoto wa jirani mwenye kipele chekundu kwenye paji la uso. Hakukaa kwenye foleni, alichungulia mlangoni.

"Huyu naye analala pangoni na mbuzi," akasema. "Usimpake mafuta."