Fundi, muuzaji na mhasibu ndani ya fremu moja

Mwenye fremu ndogo ya ushonaji jijini Dar es Salaam hana kazi moja. Yeye ndiye fundi mkuu, ndiye anayepatana bei na wateja, ndiye anayekwenda Kariakoo kutafuta bitana, zipu na nyuzi, ndiye anayeandika daftari la mapato na matumizi, na ndiye anayewafundisha na kuwalipa vijana walioketi kwenye vyerehani. Nimeishi na majukumu hayo kwa miaka mingi, na ninaamini kwa dhati kwamba hayagombanii muda kwa usawa, kwa sababu jukumu lenye mtu wa kulidai ndilo hushinda kila siku. Mteja hupiga simu, kijana huuliza, mwenye nyumba hudai kodi yake, lakini daftari halimdai mtu, na ndiyo maana huahirishwa hadi usiku, wakati macho yamechoka.

Mvutano mkali zaidi ni ule wa fundi na muuzaji. Katika siku za mwisho za Ramadhani, na tena Desemba, kina mama hufika na vitenge mkononi, na muuzaji hutamani kupokea kila kazi, kwani anayeondoka atapokelewa na fundi wa fremu ya jirani. Fundi naye anajua kwamba gauni la sendofu lenye bitana haliharakishwi. Chukua hatua moja tu, ya kukata: kitenge kimekunjwa, maua yamepangwa yakutane katikati ya kifua, mistari ya chaki imechorwa, mkasi umefika kwenye mkunjo wa kwapa, na papo hapo sauti inaita mlangoni, "Shikamoo mama, lile gauni langu tayari?" Salamu lazima iitikiwe, na ni haki yake. Hata hivyo, mkono unaokata hauwezi kutumikia watu wawili kwa wakati mmoja, na kitenge kikishakatwa vibaya hakiungiki.

Kwa hiyo kwangu asubuhi ni ya kukata, na wateja hupimwa kuanzia saa nane mchana. Kijana mkubwa ndiye anayewapokea wanaofika mapema, na hufanya hivyo kwa adabu: "Mama, tunakuomba urudi saa nane upimwe kwa utulivu." Sijaona mtu aliyechukizwa na maneno hayo yakisemwa kwa heshima, kinachowachukiza wateja ni kuambiwa "njoo kesho" mara kwa mara. Vilevile, katika daftari la oda kila nguo huandikwa pamoja na saa ambazo ushonaji wake utachukua, na saa za wiki zikijaa hatupokei kazi nyingine, hata kama mteja ameshika pesa mkononi. Hapo muuzaji humtii fundi, na nadhani ndivyo inavyopaswa kuwa, maana jina la fundi hujengwa na nguo iliyotoka siku iliyoahidiwa.

Mhasibu anahitaji ulinzi zaidi kuliko wote. Advansi ndiyo inayowapoteza wengi wetu: mteja hulipa nusu, pesa inaingia kwenye simu ileile inayonunua unga na kulipa nauli za watoto, na inaonekana kama faida, ilhali ni deni hadi nguo itoke. Dawa ni laini ya biashara iliyo peke yake, na mwenye biashara kujilipa mshahara unaojulikana, hata ukiwa mdogo. Mshahara huo umenisaidia pia katika jambo gumu la undugu. Wifi akiniambia, "Wifi, nishonee tu, tutaonana," namshonea kwa moyo mweupe, lakini nguo yake inaandikwa daftarini kwa bei kamili na mimi ndiye ninayeilipia, kwa sababu ukarimu ni wangu na haupaswi kukatwa kwenye posho ya vijana.

Daftari lina faida nyingine ambayo wafanyabiashara wadogo wa Tanzania huisahau. Katika kodi ya makadirio, yaani kodi ya mapato ya mfanyabiashara mdogo inayopangwa kwa madaraja ya mauzo ya mwaka, kwenye madaraja ya chini asiyetunza kumbukumbu hutozwa kiasi maalumu cha daraja lake, wakati anayezitunza hutozwa kwa asilimia ya mauzo yaliyozidi kiwango cha kuanzia, na ambaye mauzo yake yako mwanzoni mwa daraja hupata unafuu wa kweli. Malipo yenyewe hugawanywa mara 4 kwa mwaka, mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Kazi ya daftari nimeitengea asubuhi ya Jumatatu badala ya kukata, kwa kuwa sherehe za wikiendi zimepita na wateja ni wachache.

Wengi hutaka kumkabidhi mtu mwingine daftari kwanza, kwa sababu hawalipendi. Mimi ningelikabidhi mwisho, kwa kuwa ndilo linaloonyesha kama kazi nyingine zinalipa. Pasi, vifungo na mishono iliyonyooka nimeshaviachia. Kijana mkubwa sasa anapima na kupokea oda mwenyewe, na hatua inayofuata ni kumfundisha kukata, tukianza na bitana, kwa kuwa kosa kwenye bitana nitalifidia kwa gharama ndogo kuliko kosa kwenye kitenge cha mteja.